Serikali ya mseto India si lazima iwe dhaifu

Mwaka 2024 BJP, chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi, kilipopata viti 240 kati ya 543 vya Lok Sabha, baraza la chini la bunge la India, pungufu ya 272 vinavyohitajika kuunda serikali bila washirika, nilisikia watu wakisema: sasa India itayumba, maana Modi atategemea washirika. Dhana hii ni ya siku nyingi, na historia inaikataa.

Chukua 1991. Akiba ya fedha za kigeni ilitosha kuagiza bidhaa kwa wiki chache tu, na karibu tani 47 za dhahabu ya taifa zikasafirishwa na kuwekwa rehani ng'ambo. Hebu fikiria, dhahabu ya taifa inapakiwa ndegeni kama vito vya mama anayekwenda kukopa! Aliyekuwa madarakani ni Waziri Mkuu Narasimha Rao, ambaye chama chake hakikuwa na wingi wa viti. Ndiye aliyemkabidhi Manmohan Singh wizara ya fedha, na mageuzi yaliyofuata yakabadili uchumi wote.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2005 ni zao la serikali ya mseto. Kwa ada ya rupia 10, mwananchi anadai kuonyeshwa jalada la barabara ya kijijini kwake, na ofisa ana siku 30 za kujibu.

Na wingi wa viti pekee hauhakikishi utawala bora: hali ya hatari ya 1975, iliyofunga wapinzani jela na kubana magazeti, ilitangazwa na serikali ya Indira Gandhi iliyokuwa na wingi mkubwa bungeni.