"Ni mawazo tu": tunayoamini kuhusu presha, vidonda vya tumbo na moyo

Mama mdogo alinionyesha kadi yake ya kliniki, akasema kama mtu aliyekwisha kuamua: "Mwanangu, hii presha yangu ilikuwa ya mawazo. Tangu yule mwenye nyumba aache kutusumbua, nimepona." Vidonge alikuwa ameviacha kabatini wiki tatu. Nikamketisha, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga sakafu, mkono juu ya meza. Tukanyamaza dakika tano, ndipo nikampima: 178 kwa 104. Kichwa hakikuwa kinamuuma hata kidogo.

"Presha ni mawazo, ukitulia inaisha." Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ugomvi au habari ya msiba hupandisha presha kweli: mwili humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, mishipa ikabana. Lakini hiyo hushuka yenyewe. Presha inayokaa juu, 140 kwa 90 na kuendelea kila unapopimwa, ina mizizi mingine: umri, urithi, chumvi, uzito, pombe, figo. Nayo hukaa kimya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo, kwa hiyo "najisikia vizuri" si kipimo.

Je, utulivu hausaidii? Unasaidia. Mwaka 2001 watafiti nchini Italia walipima watu wakisali rozari kwa Kilatini, wakakuta pumzi zao zimeshuka hadi karibu sita kwa dakika, mwendo unaotuliza moyo na mishipa. Anayevuta uradi kwa tasbihi baada ya swala hatashangaa kusikia hivyo. Mazoezi ya kupumua taratibu hushusha presha, ila hushusha kidogo. Mtu wa 178 anahitaji na kidonge chake.

"Vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo." Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini hivyo, wagonjwa waliambiwa wapumzike na wanywe maziwa. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha maabara bakteria waliotolewa kwenye matumbo ya wagonjwa, ambao leo wanaitwa Helicobacter pylori. Wenzao wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe. Baada ya siku chache alikuwa anatapika, na kipimo kikaonyesha tumbo lake limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi hutokana na bakteria huyo, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, zile tunazozinunua dukani kama pipi. Mawazo huweza kuyafanya maumivu yawe makali zaidi, hilo halina ubishi. Lakini bakteria huuawa kwa antibayotiki.

"Nikipata nafuu, nimepona." Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2011 uliwapa wagonjwa wa pumu, kwa zamu, pampu yenye dawa, pampu isiyo na dawa, tiba ya kuigiza ya vijisindano vya Kichina (akupancha), na mara nyingine wakaachwa bila chochote. Walipoulizwa, walisema pampu ya dawa, pampu tupu na zile sindano zote ziliwapa nafuu karibu sawa. Walipopuliza kwenye mashine, dawa ilikuwa imefungua mapafu kwa asilimia 20, na vile vingine vyote kwa takriban 7 tu. Wagonjwa wale hawakudanganya, walipata nafuu kweli. Ila pumu ikibana saa nane ya usiku, kinachoamua ni mapafu.

Na sisi tunaokwenda hospitali tuna dhana yetu, mara nyingine tunaambukizwa na wahudumu wenyewe: "Vipimo ni safi, basi ni mawazo tu." Neno "tu" hapo linamrudisha mgonjwa nyumbani na aibu. Madaktari wa Japani walieleza mwaka 1990 ugonjwa waliouita takotsubo, jina la mtungi wa kuvulia pweza, chini duara na shingo nyembamba, kwa kuwa ndivyo moyo unavyoonekana kwenye picha. Mtu, mara nyingi mwanamke aliyekwisha koma hedhi, anafiwa, kifua kinambana kama mshtuko wa moyo, na mishipa ya moyo haijaziba. Wengi hupona kwa wiki kadhaa, lakini baadhi hufa. Majonzi yake yamefika kwenye msuli wa moyo, na hapo anahitaji daktari.

Harare, Zimbabwe, wamelichukulia hilo kwa uzito. Tangu 2006, kwa mpango wa daktari wa akili Dixon Chibanda, mabibi waliofunzwa huketi kwenye benchi katika viwanja vya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema ana mawazo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita walioketi na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi liko hatua chache tu kutoka dirisha la dawa.

Mama mdogo sasa anaweka vidonge vyake pembeni ya msala. Akimaliza swala ya alfajiri anavuta uradi, anameza kimoja, ndipo anawasha jiko.