"Fedha Zetu Zimekaliwa Mkoani": Dhana Potofu Kuhusu Sekretarieti ya Mkoa na Halmashauri

Robo ya mwaka inapokaribia kuisha, kauli ni ileile kwenye kamati za kata, kwenye Baraza la Madiwani, hata kwenye barua zenye mhuri: "Fedha za mradi zimekaliwa mkoani." Mwenyekiti wa kijiji kaambiwa na mtendaji, mtendaji kaambiwa na mtu wa idara. Ukiifuata hadi ilikoanzia, si ajabu ukamkuta anayejua vizuri kwamba si kweli, ila mkoa uko mbali na hauhudhurii mkutano wa kijiji kujitetea.

"Mkoa umekalia fedha zetu"

Haujakalia. Sekretarieti ya Mkoa, iliyopo kwa Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya mwaka 1997, haina chungu ambamo fedha za halmashauri hulala kabla ya kuendelea na safari. Ruzuku hutoka Hazina kwenda halmashauri. Ile ya uendeshaji wa shule haipiti hata halmashauri, inaingia kwenye akaunti ya shule. Katibu Tawala wa Mkoa ni Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha, wa sekretarieti yake. Mkurugenzi ni Afisa Masuuli wa halmashauri. Katibu Tawala hasaini malipo ya halmashauri, na Mkurugenzi akiitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, hawezi kusema "muulizeni mkoa".

Dhana hii ina chanzo, tukiri. Kwenye vitabu vya bajeti kila mkoa una fungu lake, yaani namba ya bajeti: Arusha 70, Dodoma 72, Mwanza 81, Manyara 95. Ruzuku za halmashauri huorodheshwa ndani ya fungu la mkoa wao, kwa hiyo anayekifungua kitabu mara ya kwanza huona mabilioni chini ya jina la mkoa na kudhani ni mali ya mkoa. Fungu ni anuani tu. Kuna pia Hazina Ndogo, ofisi ya Hazina iliyoko mkoani, ambayo watu huihesabu kuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, ilhali ni ya Wizara ya Fedha.

Basi fedha hukwama wapi? Sehemu tatu, na zote zinaonekana kwa anayetaka kuziona.

Ya kwanza ni mapato ya ndani. Mradi uliopangiwa ushuru wa mazao una fedha pale tu ushuru unapokusanywa. Baraza likipitisha milioni 60 za kumalizia zahanati, kilichopitishwa ni matumaini, si noti. Msimu ukiharibika, au mashine za kukusanyia ushuru (POS) zikiwa mikononi mwa wakusanyaji wasiopeleka benki, hakuna ofisi yoyote mkoani wala Dodoma yenye hizo milioni 60. Haijawahi kuwa nazo. Hili ndilo waheshimiwa madiwani hulipinga kuliko yote, na wao ndio waliopitisha makisio.

Ya pili ni kifungu, yaani mstari wa bajeti ambao fedha zimepangiwa. Bajeti huandaliwa kwenye mfumo wa PlanRep, malipo hufanyika kwenye mfumo wa MUSE, na kisichokuwemo kwenye bajeti hakilipiki hata fedha ziwe zimejaa. Fedha zimekuja kukamilisha maboma matatu (majengo yasiyomalizika) ya madarasa. Kata inasema vyoo ndivyo vinavyoumiza zaidi. Huenda kata ina haki kabisa, lakini vyoo vinahitaji uhamisho wa fedha: Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha Baraza, kisha mkoa, kisha TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hapa, ndiyo, barua huweza kukaa mkoani. Huwa inakaa kwa sababu imekuja bila muhtasari wa kikao, au muhtasari umesema tu "wajumbe waliridhia" bila kutaja kifungu kinachotoa, kinachopokea na kiasi, au jumla ya barua hailingani na jumla ya kiambatisho. Inarudishwa, inasahauliwa kwenye meza ya halmashauri, na huko kijijini mkoa tayari umekuwa mwizi.

Ya tatu ni manunuzi. Fedha zimo kwenye akaunti ya shule, kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zimeundwa, ila fundi au muuza saruji hayumo kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na hakuna aliyemsaidia kujisajili. Miezi inakatika. Juni 30 inafika, bakaa inarudi Hazina. Kama kuna fedha za maendeleo zinazopotea bila mtu kuziiba, ni hizi.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja mkoa, muulize Mweka Hazina wa Halmashauri mambo matatu: chanzo cha fedha, kifungu, na tarehe zilipopokelewa. Akikosa jibu la tarehe, hazijaja. Akiwa na tarehe, tatizo liko halmashauri au kwenye kamati ya mradi. Maswali hayo yaulizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Taarifa ya mapato na matumizi isiyobandikwa ubaoni idaiwe kwa jina la mradi. Ukidai "taarifa ya maendeleo" utapewa kurasa tatu za maneno.

"Mkoa ni posta tu"

Hii ni dhana ya upande wa pili, na baadhi ya watumishi wa mkoa wenyewe wameifanya iwe kweli. Rasimu ya bajeti ya halmashauri ikifika, wataalamu wa sekretarieti wanatakiwa kuipekua kabla haijajumuishwa na kupelekwa TAMISEMI: je, iko ndani ya ukomo, yaani kiwango cha juu cha bajeti kilichowekwa? Asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kwa mikopo, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu? Viporo, yaani miradi isiyomalizika, vimetangulizwa, au kuna majengo mapya huku maboma ya zamani yanaota majani? Mkoa unaopitisha bila kusoma unajiandalia hoja za ukaguzi. Kamati ya Ushauri ya Mkoa nayo ni ya ushauri kama jina lake lilivyo, haiandiki upya bajeti ya Baraza.

Kwenye afya ni vilevile. Timu ya mkoa ikija kwa usimamizi shirikishi, watumishi huficha rejista kama vile kaja mkaguzi wa polisi. Inakuja kuangalia kama timu ya halmashauri inasimamia vituo vyake: jokofu la chanjo liko kati ya nyuzi 2 na 8, leja ya dawa inalingana na rafu, rejista za MTUHA (takwimu za afya za kituo) zinalingana na zilizoingizwa kwenye mfumo. Kosa sugu ni maelekezo kubaki kwenye kitabu cha wageni. Yaandikwe pembeni jina la mtu na tarehe, ama sivyo robo ijayo yatanakiliwa yalivyo.

"Mkoa umfukuze Mkurugenzi"

Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Mkoa unaweza kushauri na kuripoti juu. Basi.

"Daraja limevunjika, Mkurugenzi na mkoa wamelala"

Kazi hizi ziko kwa wakala za serikali: tangu 2017 barabara za vijijini na mijini ziko TARURA, barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, na maji vijijini yako RUWASA tangu 2019. Malalamiko ya barabara yapelekwe kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa halmashauri. Mahali ambapo mkoa unaweza kubana ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa.

"Tumepata hati safi, hakuna kilichoibiwa"

Hati safi, au hati inayoridhisha, ya mkaguzi wa hesabu za serikali maana yake hesabu zimeonyesha hali ya fedha kwa haki. Halmashauri inaweza kuipata huku ikiwa na kurasa na kurasa za hoja, yaani dosari alizozikuta mkaguzi. Soma hoja.

"Ilikuwa dharura, mkoa ulijulishwa"

Kutumia fedha mbichi, yaani makusanyo kabla hayajafika benki, hakuhalalishwi na barua ya kujulisha, awe amejulishwa Katibu Tawala au yeyote mwingine.

"Baraza limepitisha sheria ndogo, tuanze kutoza"

Bado. Sheria ndogo ya halmashauri inahitaji idhini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Maoni ya mwanasheria wa mkoa ni ya kusafisha rasimu tu. Mzabuni anayetoza ushuru kwa rasimu anatoza bila sheria, hata risiti yake iwe imetoka kwenye POS.