Meza za Kampala: yanayosemwa na yaliyomo chunguni

Mitaa ya Kololo, Bugolobi na Kisementi hakuishi kufunguliwa mgahawa mpya: taa za kuning'inia, viti vya mbao, na kwenye menyu luwombo (kitoweo kinachopikwa ndani ya jani la mgomba), matoke (ndizi za kupika) na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai). Vyakula ni vilevile vya mtaa wa Wandegeya na vya kina mama wa sokoni. Kilichobadilika ni saa ya kuliwa na haraka ya kuandaa, na lawama nyingi wanazotupiwa matoke na wenzake zinatoka hapo.

"Luwombo ni mchuzi uliofungwa jani ili upendeze."

Jani ndilo sufuria, na hata jina limetoka kwenye jani. Simulizi ya Buganda humtaja Kawuuta, mpishi wa Kabaka (mfalme) Mwanga, mwaka 1887, kuwa ndiye aliyeanzisha upishi huu. Huchaguliwa jani changa la mgomba, lililokwisha kufunguka, lisilo na mpasuko hata mmoja. Hupitishwa juu ya moto mdogo mpaka lilegee. Waganda huita kazi hiyo okubabula, na Mswahili anayejua kubabua hahitaji mkalimani. Kisha uti wa jani huchongwa kwa kisu upande wa nyuma hadi ukaribie kulingana na jani lenyewe. Ukiachwa mnene, jani hukatika palepale linapokunjwa, na mchuzi wote huishia chini ya chungu.

Kuku wa kienyeji hukatwa vipande vikubwa na kubanikwa kidogo kwenye makaa apate moshi. Jani hutandazwa ndani ya bakuli, akawekwa kuku, ikamiminwa karanga iliyosagwa na kukorogwa kwa maji, pamoja na kitunguu, nyanya na uyoga. Pembe za jani hukusanywa juu na kufungwa kwa kamba ya mgomba, furushi moja kwa mlaji mmoja. Chini ya chungu hupangwa vikonyo vya mgomba ili mafurushi yasiguse maji, na juu hufunikwa majani mengine. Hapo ni mvuke wa saa 2 hadi 3, na jogoo mzee huhitaji zaidi. Mafuta hayamiminwi, karanga inatosha.

Sasa piga hesabu. Umeagiza saa 3 usiku, na baada ya dakika 15 luwombo iko mezani. Ama ilipikwa ya mchana ikapashwa, ama mchuzi ulipikwa sufuriani ukafungwa jani mlangoni mwa jiko. La kwanza si kosa, kwa kuwa luwombo hupashika vizuri kwa mvuke. La pili ni kuuziwa mapambo. Litazame jani: lililokaa mvukeni huwa la kijani kilichofifia kuelekea kahawia, laini kama kitambaa kilicholoa. Likiwa bado linang'aa na kingo zake zimesimama, hilo halikupika kitu.

"Bei iliyoandikwa ni ya nyama tu, chakula utalipia."

Mganda hugawa sahani mara mbili: emmere, yaani matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, viazi vitamu, muhogo au kalo (ugali wa ulezi), na enva, kinachoshushia. Mtanzania anayeita hata nyama "mboga" ataelewa upesi. Katika migahawa ya vyakula vya kienyeji bei hufuata enva, na emmere huja nayo. Kwa hiyo mhudumu akikuuliza unataka "food" gani, yaani emmere, baada ya wewe kusema kuku, hajakosa usikivu. Mtajie matoke na kalo, au mwambie akuchanganyie. Migahawa mipya ya hadhi ndiyo huwa inatoza kila kitu peke yake, na mingine huongeza VAT ya asilimia 18 mwishoni. Soma mstari mdogo chini ya menyu kabla ya kuagiza.

"Matoke ni ndizi mbichi yoyote ile."

Ndizi za matoke ni za ukoo wake, ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, nazo zina majina: Nakitembe, Mbwazirume, Kibuzi. Gonja ni nyingine, hiyo huachwa iive na kuchomwa. Bogoya na ndiizi ni za kula kama tunda, mbidde ni ya pombe. Ukimenyea chunguni bogoya mbichi, utapata kitu ambacho hakuna Mganda atakayekiita matoke.

Matoke ya kweli hufungwa majani na kuvukizwa mpaka yaive, hukandwa kwa mikono yakiwa bado ndani ya majani, kisha hurudishwa kwenye moto mdogo kwa saa nzima au zaidi. Hatua hii ya pili ndiyo jiko lenye haraka huiruka. Matokeo yake ni bonge lenye punje ngumu, na likipoa tu linakakamaa. Anayesema matoke hayana ladha mara nyingi amelishwa hayo, tena jioni, yaliyokaa tangu mchana.

"Mchuzi wa karanga ukiwa wa waridi umetiwa rangi."

Ni maganda mekundu ya karanga zenyewe, zilizotwangwa mbichi. Unga wake hukorogwa kwa maji baridi kwanza, ndipo huwekwa motoni, na mwiko usitoke sufuriani mpaka uchemke. Ukifunika, unafurika. Ukiepua mapema unabaki na ladha ya karanga mbichi. Subiri mafuta yaelee juu.

"Mchuzi mweupe wa baridi umeharibika."

Huo ni eshabwe ya Ankole, magharibi mwa Uganda, na haupitii moto kabisa. Samli hupigwa kwa maji baridi yaliyoyeyushiwa magadi na kuchujwa, yakitiwa kidogo kidogo hadi samli igeuke nyeupe na nzito. Ukiyamwaga yote kwa mkupuo, mafuta yanajitenga. Huliwa na kalo. Usiombe upashiwe, maana utarudishiwa samli iliyoyeyuka.

"Rolex ni chapati na mayai, hakuna ufundi."

Jina limetoka kwenye Kiingereza "rolled eggs", mayai yaliyoviringishwa, saa haihusiki. Mayai 2 hupigwa kikombeni na kabichi, kitunguu na chumvi. Nyanya nyingi humo ndani hutoa maji na yai halishikani. Chapati hulazwa juu yai likiwa bado bichi upande wa juu, ili vigandane, ndipo hugeuzwa. Nyanya mbichi huja mwisho. Chapati ya jana ipashwe kwanza, la sivyo itapasuka katikati. Na ukiifunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki) ikiwa ya moto, jasho lake huilowesha kabla hujafika nyumbani.

"Senene ni panzi, na wapo mwaka mzima."

Ni jamaa wa nyenje wenye mabawa, na msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, kisha Aprili na Mei. Wanaoletwa mezani Agosti wametoka kwenye friza, na hilo si tatizo. Tatizo ni mafuta. Senene aliyetolewa mabawa na miguu hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na kitunguu na chumvi, hadi alie mdomoni. Wakija wanateleza kwa mafuta ya kupikia, warudishe jikoni.