Bei ya klabu ya daraja la pili ndiyo sehemu nyepesi

Dirisha la usajili halijafungwa vizuri, tayari andiko jingine linasambaa: klabu fulani ya Championship, daraja la pili la England, ina uwanja wa watu 30,000, kabati la vikombe vya zamani na mashabiki wasiokata tamaa, na inauzwa kwa bei ya beki mmoja wa Ligi Kuu. "Kwa nini wawekezaji hawaioni?" Wanaiona. Wameiona miaka yote. Baadhi yao waliinunua, ndiyo maana inauzwa tena.

Kazi yangu ni kupitia vitabu vya klabu kabla mnunuzi hajatia saini, na swali hili nimelijibu kwa upole mara nyingi mno. Leo najibu bila upole. Nitakaa zaidi England, kwa sababu klabu za huko hulazimika kuweka hesabu zao hadharani na ndiko wageni wengi wanakopeleka fedha.

Tuanze na bei. Anayedhani bei ya kununua ndiyo gharama hajawahi kulipa mishahara ya Desemba. Katika Championship kumekuwa na misimu kadhaa mfululizo ambapo mishahara ya klabu zote ikijumlishwa inazidi mapato yao yote. Mishahara peke yake, kabla ya umeme, mabasi, hoteli, nyasi, bima na riba. Chukua klabu ya mfano: mapato pauni milioni 32, mishahara milioni 33, uendeshaji milioni 12, na milioni 7 za ada za usajili zinazoangukia mwaka huo. Pengo ni milioni 20, na anayeliziba ni mmiliki. Kaa nayo miaka mitano bila kupanda na umetumbukiza milioni 100. Kama uliinunua kwa milioni 40, bei uliyojisifia kwenye magazeti haikufika hata theluthi ya ulichotoa, na bado hujakarabati hata vyoo vya jukwaa la wageni.

Halafu kuna kanuni. EFL, bodi inayosimamia madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu, kwa miaka mingi imeiruhusu klabu ya Championship kupata hasara ya hadi pauni milioni 39 kwa misimu mitatu, na hapo ni pale tu mmiliki anapoweka mtaji wa hisa. Asipoweka, kikomo kimekuwa milioni 15. Mkopo wa mmiliki hauhesabiwi kuwa mtaji, hata akiapa kwamba hataudai. Gharama za akademi, timu ya wanawake, miradi ya jamii na ujenzi huondolewa kwenye hesabu hiyo, jambo linalosaidia kidogo. Klabu yetu ya mfano, yenye hasara ya milioni 60 kwa misimu mitatu, bado inavuka mstari hata ukiondoa vyote hivyo kwa ukarimu. Tajiri mwenye fedha za kufuta hasara yote kesho asubuhi haruhusiwi kuzimwaga anavyotaka. Hapo ndipo "mwekezaji mwenye mfuko mnene" anapogundua kwamba mfuko wake una kufuli ambalo funguo zake ziko kwa mtu mwingine.

Njia iliyobaki ni kuuza wachezaji, na hapa nitatulia, maana ndipo watu wenye akili zao hupotea. Ukimsajili mchezaji kwa milioni 10 kwa mkataba wa miaka mitano, vitabuni anakugharimu milioni 2 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu thamani yake kitabuni ni milioni 4. Ukimuuza kwa milioni 9, shabiki anapiga kelele kwamba umekula hasara ya milioni moja, mhasibu anaandika faida ya milioni 5, na wote wawili wako sahihi. Kijana aliyekulia akademi thamani yake kitabuni ni sifuri, kwa hiyo akiuzwa kwa milioni 9, karibu zote zinaingia kama faida. Ndiyo maana klabu zilizobanwa huuza watoto wa nyumbani kwanza, na mashabiki hudhani ni dharau tu.

Kasoro yake iko kwenye fedha taslimu. Faida inaandikwa siku ya mauzo, lakini mnunuzi analipa kwa awamu, mara nyingi miaka miwili au mitatu. Klabu inaweza kuwa safi mbele ya EFL na ikakosa mishahara ya Februari. Inachofanya ni kwenda kwa taasisi ya fedha na kuuza awamu hizo kwa punguzo: milioni 6 za miaka ijayo zinageuka kuwa milioni 5 na ushee leo. Mwekezaji mpya anayeona kwenye mizania "tunadai klabu nyingine milioni 14" anafurahi. Fedha hizo zilishaliwa.

Derby County walijaribu kucheza na hesabu hizi kwa namna yao. Mwaka 2018 mmiliki aliununua uwanja wa Pride Park kutoka kwa klabu yake mwenyewe kwa takriban pauni milioni 80, faida ikaingia vitabuni. Mlango huo EFL ilishaufunga. Namna walivyogawanya ada za wachezaji nayo ikaja kuwaponza: msimu wa 2021/22 walikatwa pointi 21, yaani 12 kwa kuingia chini ya msimamizi wa ufilisi na 9 kwa makosa ya kihesabu, wakashuka daraja. Uwanja ule ule, mashabiki wale wale, historia ile ile inayosifiwa kwenye maandiko.

Sasa mashabiki, jambo linaloniudhi kuliko yote. "Klabu ina mashabiki lukuki, mapato yamelala." Haya, tuyaamshe. Uwanja wa viti 30,000 unaoingiza watu 26,000 una viti 4,000 vitupu. Mechi za ligi nyumbani ni 23. Ukivijaza vyote kila mechi kwa wastani wa pauni 20, umeuza tiketi 92,000, yaani pauni milioni 1.84. Ndani yake kuna VAT ya asilimia 20, kwa hiyo inabaki takriban milioni 1.53. Mshambuliaji wa pauni 30,000 kwa wiki anakula milioni 1.56 kwa mwaka, kabla ya mchango wa mwajiri na kabla ya bonasi ya mabao. Umejaza uwanja mzima, mashabiki wamekesha wakiimba, na bado hujamlipa mtu mmoja wa mbele.

Ongeza bei basi? Jaribu. Mashabiki wengi wa daraja hili ni wenye tiketi za msimu, walishalipa kwa punguzo mwezi Mei, na fedha yao ndiyo iliyolipa mishahara ya Juni na Julai. Wakigoma kununua, shimo linaonekana kabla ligi haijaanza. Kilichopo kweli ni vyumba vya wageni maalumu, chakula na matumizi ya uwanja siku zisizo na mechi. Huko kuna fedha, sibishi, ila zinatoka polepole na zinataka ujenzi kwanza.

Mashabiki wa mbali je, wale mamilioni wa mitandaoni? Klabu haiuzi haki kubwa za matangazo ya mechi zake yenyewe. Ligi ndiyo inauza. Mkataba wa Sky na EFL wa 2024 hadi 2029 ni wa pauni milioni 935, na unagawanywa kwa klabu 72 za madaraja matatu kwa miaka mitano. Nikisema hivi najibiwa kwa neno moja: Wrexham. Ndiyo, wamiliki wake, waigizaji wa Hollywood, waliichukua mwaka 2021 ikiwa daraja la tano, ikapanda mara tatu mfululizo hadi Championship mwaka 2025. Lakini waliuza kipindi cha televisheni chenye klabu ndani yake, na waliingia chini kabisa, ambako mishahara ni midogo. Klabu iliyopo daraja la pili leo haina nafasi hiyo ya kuanzia bondeni, na wa pili kuleta hadithi hiyo hiyo hapati bei ya wa kwanza.

Kuhusu kupanda daraja nitakuwa mfupi. Nafasi ni tatu kwa timu 24, mbili za moja kwa moja na moja ya mchujo, na mgawanyo si sawa. Wanaoshuka kutoka Ligi Kuu huja na fedha za parachuti: asilimia 55 ya mgao sawa wa matangazo mwaka wa kwanza, 45 wa pili, na 20 wa tatu kama walikaa juu zaidi ya msimu mmoja. Mwaka wa kwanza pekee ni zaidi ya pauni milioni 40, wakati wengine hupata kama milioni 5 za mshikamano kutoka Ligi Kuu. Na ukipanda? Msimu wa 2023/24 wote watatu waliopanda walishuka. Msimu wa 2024/25 wote watatu wakashuka tena. Luton wakaendelea kuteremka hadi daraja la tatu. Hata hivyo sitaki kudanganya upande wa pili: klabu inayoshika mkia Ligi Kuu huondoka na zaidi ya milioni 100 za ligi, na aliyetumia kwa nidhamu msimu huo mmoja hurudi chini akiwa na klabu bora kuliko aliyopanda nayo.

Uwezo uliofichika upo, ila haukai mahali unapotafutwa. Brentford waliufuata kwenye usajili. Ollie Watkins alitoka Exeter City mwaka 2017 kwa chini ya pauni milioni 2, akauzwa Aston Villa mwaka 2020 kwa milioni 28. Mwaka 2016 walikuwa wamefunga akademi yao, wakaweka timu B, kwa kuwa vijana wao bora walikuwa wakichukuliwa na klabu kubwa kabla hawajazaa matunda. Kwa hiyo mtu akiniambia "akademi ndiyo hazina", namuuliza iko wapi na imezungukwa na nani. Ipswich nao walinunuliwa Aprili 2021 wakiwa daraja la tatu, nyuma ya fedha kukiwa na mfuko wa pensheni wa Arizona, na mwaka 2024 walikuwa Ligi Kuu. Walirudi chini 2025. Hilo halifuti faida waliyotengeneza kwenye thamani ya klabu.

Hapa ndipo mashaka yangu yanapoanza. Brentford walifungwa na Fulham fainali ya mchujo 2020, wakaifunga Swansea ile ya 2021, wakapanda. Wangepoteza na ya pili, nusu ya makala za kuusifia mfumo wao zisingeandikwa, ingawa mfumo ungekuwa ule ule. Sijui njia ya haki ya kutenganisha ustadi na bahati kwa sampuli ya mechi mbili. La pili linanikera zaidi: gawio hakuna. Faida ya mwekezaji wa klabu hizi, karibu yote, ni bei atakayolipa mnunuzi ajaye. Ninapoandika thamani ya klabu nalinganisha na mauzo mengine, ambayo nayo yalipangwa kwa kulinganisha na mengine. Nikiandika "kati ya milioni 35 na 70", upana huo si uzembe, ndio ukweli wenyewe.

Nje ya England hesabu hubadilika sura. Ujerumani ina kanuni ya 50+1: unaweza kununua hisa nyingi na usipate kura nyingi. Mwekezaji Lars Windhorst aliingiza euro milioni 374 Hertha Berlin, na klabu ikashuka daraja 2023. Bordeaux, mabingwa wa Ufaransa 2009, walishuka Ligue 2 mwaka 2022. Wamiliki wa Liverpool walikuja kuiangalia mwaka 2024, wakapiga hesabu, wakaondoka. Msimu huo Bordeaux ikaangukia daraja la nne. Jina kubwa, na uwanja wa watu 42,000 usio mali ya klabu.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu viti, omba karatasi hizi kwa mpangilio huu. Hati ya uwanja na ya viwanja vya mazoezi: vipo kwa jina la nani, na nani ameviwekea rehani? Coventry walicheza Northampton msimu wa 2013/14, na baadaye misimu miwili Birmingham, kwa sababu uwanja haukuwa wao. Kisha orodha ya awamu za usajili, unazodai na unazodaiwa, tarehe kwa tarehe, na zipi zimeshauzwa. Kisha asilimia za mauzo ya baadaye: mchezaji unayemwona wa milioni 15 huenda asilimia 20 ni ya klabu aliyotoka. Kisha mikataba ya wachezaji: nani anapandishiwa mshahara timu ikipanda, na nani hapunguziwi ikishuka. Kifungu cha kushuka kikikosekana kwa wachezaji wanane, una shimo la mwaka mzima. Mwisho kodi. Klabu inayochelewesha kodi kwa miezi mitatu ilishaishiwa kwingine kote.

Ukinunua kutoka ufilisi kwa kudhani ni bei ya chee, kumbuka wadai wa soka, yaani wachezaji na klabu nyingine, hulipwa kwa ukamilifu. Wadai wengine wasio na dhamana wasipopata angalau peni 25 kwa kila pauni, klabu inaanza na adhabu ya pointi 15.

Na sasa kuna sheria ya usimamizi wa soka ya England ya 2025, iliyounda msimamizi huru mwenye uwezo wa kuingilia mgawanyo wa fedha kati ya Ligi Kuu na EFL, parachuti zikiwemo. Mgawanyo ukibadilika, kila thamani niliyowahi kuandika inabadilika nao, na sijui kwa upande upi. Hadi hapo namshauri mnunuzi agawe ofa: kiasi kidogo leo, kingine klabu ikipanda ndani ya miaka mitano. Muuzaji anayeimba habari ya uwezo uliolala, kisha akakataa hata senti moja isubiri uwezo huo uamke, mpunguzie ofa siku hiyo hiyo.