Kemikali za mimea dhidi ya kurudia heroini: maana yake nini?

Kuacha heroini ni jambo moja, kutoirudia ni jingine. Arosto, yaani yale maumivu ya mwili, jasho, kuharisha na kukosa usingizi, kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hivi. Hamu haiondoki nayo. Hujificha kwa miezi, kisha ikaamshwa na msongo wa mawazo, kumwona mtu aliyekuwa akitumia naye, au kuonja kidogo tu. Na anayerudia yuko hatarini zaidi, kwa sababu mwili umeshasahau heroini: kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumkata pumzi.

Watafiti wanaotafuta kinga ya kurudia ndani ya mimea hawazungumzii kuchemsha mizizi ukanywa. Wanatafuta kemikali moja, iliyotengwa na mmea wake, inayopimika kwa miligramu.

Inayovuma zaidi ni ibogaini, ya gome la mizizi ya iboga, mmea unaotumiwa na waumini wa dini ya Bwiti nchini Gabon. Mwaka 1962 Howard Lotsof, kijana Mmarekani aliyekuwa akitumia heroini, aliimeza na baadaye akagundua hana arosto wala hamu. Sifa zake zimeupita ushahidi wake mbali sana. Huvuruga umeme wa moyo, na imeshaua watu. Ndiyo maana kundi la David Olson, Chuo Kikuu cha California, Davis, lilitengeneza kemikali inayofanana nayo, tabernanthalogi, likiwa na matumaini kwamba itakuwa salama zaidi. Mwaka 2020 walieleza kwamba ilipunguza juhudi za panya kutafuta heroini. Panya, lakini.

Kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya, imeshajaribiwa kwa watu. Katika utafiti wa 2019, watu 42 walioacha heroini walipewa kanabidioli miligramu 400 au 800, au dawa bandia isiyo na kemikali hiyo, kisha wakaonyeshwa video za matumizi ya heroini. Waliopewa kanabidioli walipata hamu na wasiwasi mdogo zaidi, hata wiki moja baada ya dozi ya mwisho. Bado hiyo ni hamu iliyopimwa mbele ya video, si maisha ya mwaka mzima.

Ajabu ni kwamba dawa mbili zilizokwisha kuidhinishwa kutibu uraibu wa heroini, buprenofini na naltreksoni, huweza kutengenezwa kutokana na thebaini, kemikali ya mpopi, mmea wa afyuni, uleule unaotoa mofini ya kutengenezea heroini. Buprenofini hukalia vipokezi vya afyuni, yaani sehemu za ubongo ambako heroini hufanya kazi, na kuviamsha nusunusu. Naltreksoni huvifunga kabisa.