Kijiji cha Rantoul, Illinois: yanayodhaniwa na yaliyopo

Ukitaja kijiji cha Marekani, wengi wetu tunamwona mzee wa Kizungu juu ya trekta, ghala jekundu nyuma yake. Tuichukue Rantoul, jimboni Illinois, kaskazini ya mji wa Champaign, tuone.

Dhana: Kijiji ni kidogo kuliko mji.
Illinois, kijiji ni hadhi ya kisheria, ukubwa hauhusiki. Schaumburg, karibu na Chicago, ina watu zaidi ya 70,000 na bado ni kijiji, ilhali Nauvoo yenye watu kama elfu moja ni jiji. Rantoul ilihesabiwa watu 12,371 mwaka 2020.

Dhana: Wote ni wakulima.
Mashamba yapo mpaka macho yachoke: mahindi na soya, ardhi bapa kama meza. Wakulima ndio haba, maana kombaini moja na dereva wake huvuna kwa siku shamba ambalo kwetu lingeita ukoo mzima. Wanakijiji wengi riziki yao iko viwandani, maghalani, shuleni, au katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Urbana (ambako, kwa taarifa yako, Kiswahili hufundishwa).

Kazi ya mikono shambani imebaki ya msimu. Mwezi Julai, kwenye mahindi ya mbegu, vibarua hupita mstari kwa mstari wakinyofoa mbelewele, lile ua dume la kileleni, ili mistari hiyo ichavushwe na aina nyingine ya mahindi. Mashine hutangulia, mikono hufuata yaliyoponyoka. Alfajiri umande unakulowesha mpaka kifuani. Jua likipanda, majani yaleyale yanakuchana ngozi, ndiyo maana watu huvaa mikono mirefu kwenye joto kali. Wengi ni Walatino wanaotoka mbali, hata Texas, na kazi ikiisha huondoka.

Dhana: Ni Wazungu watupu, na wageni wamekuja juzi.
Hii ndiyo inayoniudhi. Kambi ya jeshi la anga ya Chanute ilifunguliwa hapo mwaka 1917. Machi 1941 kikosi cha 99, cha kwanza cha Wamarekani Weusi katika jeshi la anga, kiliundwa papo hapo, na mafundi wake wa ndege wakasomea hapo. Marubani ndio waliofunzwa Tuskegee, Alabama. Kwa hiyo mtu Mweusi Rantoul si habari mpya.

Kiwanda cha nyama ya nguruwe nacho kimevuta Wameksiko, Waguatemala na Wakongo. Usiwasalimie wote kwa Kihispania: kuna Waguatemala ambao lugha ya mama ni Kikanjobali, lugha ya Kimaya. Na Mkongo aliyeshika kisu kwenye ubaridi wa kiwanda hicho, akirudia mkato uleule zamu nzima, huenda ana digrii yake nyumbani. Alikuja kwa bahati nasibu ya viza, na vyeti vyake huku havikutambuliwa.

Dhana: Kambi ilipofungwa, kijiji kilikufa.
Ilifungwa 1993, na pigo lilikuwa zito: watu 17,212 wa mwaka 1990 walibaki 12,857 mwaka 2000. Lakini miaka kumi baadaye walikuwa 12,941. Uliokuwa uwanja wa ndege za kijeshi sasa, kila baada ya miaka miwili, hujaa wapenzi wa matrekta ya zamani, wanaolima na kuvuna kwa mashine za enzi za babu zao watu watazame. Yule mzee wetu wa trekta utampata hapo.