Je, wajua kwa nini vocha mpya hukataa kuingia?

Umekwangua vocha, umeingiza tarakimu zote, na bado unajibiwa kwamba namba si sahihi. Wengi hapo hudhani wametapeliwa na kuitupa kadi kwa hasira. Usiitupe!

Kadi yenyewe haina pesa ndani. Namba ya siri iliyo chini ya rangi ni ufunguo tu. Salio lako limo kwenye kompyuta za kampuni ya simu. Kadi hutoka kiwandani ikiwa imelala, ili ikiibwa njiani isimfae mwizi, kisha huamshwa karibu na wakati wa kuuzwa. Isipoamshwa, namba huwa halali kabisa lakini mtambo hauitambui. Kuirudiarudia hakusaidii, na ni hatari, kwa kuwa mitambo mingi hukufungia ukikosea mara kadhaa mfululizo.

Lakini kabla ya kuilaumu kampuni, itazame tena kadi penye mwanga. 3 iliyochubuka upande mmoja na 8 hufanana sana, vivyo hivyo 1 na 7. Kwangua taratibu kwa ukingo wa sarafu, kamwe usitumie kisu, maana kisu hung'oa wino pamoja na rangi. Usihofu kwamba ukikosea tarakimu moja utakula vocha ya mwenzako: namba ya tarakimu 14 ina mipangilio trilioni 100, na zilizouzwa ni chache mno kati ya hizo.

Tarakimu zikifutika kabisa, tafuta namba ya mfululizo, ile iliyochapwa wazi kwenye kadi. Watu hawaijali, na mimi naiona ndiyo ya thamani kuliko zote siku ya matatizo. Kwa namba hiyo huduma kwa wateja wanaweza kuona kama kadi imeamshwa na kama imeshatumika. Ipige picha pamoja na risiti kabla hujakwangua.

Kadi za kupigia simu nje ya nchi zina shida yao nyingine. Hapo unapiga kwanza namba ya kuingilia, kisha unabonyeza namba ya siri, na mtambo unasikiliza milio. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja: ukibonyeza 5, inakwenda ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 770 na 1336. Laini ikikwaruza au ukibonyeza harakaharaka, mtambo husikia 13 pale ulipobonyeza 123. Bonyeza polepole, na kama maelezo yanataka alama ya reli mwishoni, usiiache.

Na salio linaloisha mapema? Soma maandishi madogo nyuma ya kadi. Kama malipo ni kwa dakika nzima, maongezi ya dakika 1 na sekunde 5 hukatwa kama dakika 2, na baadhi ya kadi hutoza pia ada ya kuunganishwa kila simu inapopokewa. Kwa kadi kama hizo, simu tano fupi hulimaliza salio upesi kuliko moja ndefu yenye jumla ya muda uleule.